Kitufe Ambacho Mjukuu Wangu Hakukiweka

Nawategea kitendawili: nyumba yangu ndogo, aliyemo anagonga mchana kutwa na usiku kucha, wala hataki kufunguliwa.

Msinipe mji bado. Someni kwanza yaliyonikuta Jumamosi sebuleni kwangu.

Mjukuu wangu hutengeneza gemu za kompyuta. Alinirekodi nikisimulia moto ulioteketeza nyumba yetu nikiwa na miaka saba, akaitia sauti yangu ndani ya gemu.

Nikaicheza. Unachota maji bombani uani, unapita koridoni, unamimina pipani jikoni.

Ndoo kumi na mbili. Basi.

"Hii kazi nilishaifanya utotoni," nikamwambia. "Leo tena unaniletea kwenye kompyuta?"

Akacheka kidogo. Bosi wake, wanayemwita Miwani, alishamwambia: "Hadithi inakamata, mchezo unasinzisha. Hii si redio, mtu anataka kazi ya mikono."

"Hadithi itambeba mchezaji, bibi," mjukuu akaniambia.

Maana kila ndoo ina kipande chake. Ndoo ya tatu, mdogo wetu wa miaka minne anaipiga teke, maji yanamwagika. Ya sita, sauti yake haisikiki tena.

Ndoo ya kumi na mbili mimi na dada tumemaliza, tuko kwa jirani tunaruka kamba. Moshi unapanda juu ya paa letu.

Hapo sauti yangu inauliza nililouliza kwa miaka sitini: nani aliutia komeo mlango wa stoo, kwa nje?

Mdogo wetu alikuwemo humo.

Watu walimnyooshea kidole baba, kwa kuwa alizoea kufunga kila mlango. Naye hakukumbuka. Alikufa hajui.

Basi Jumamosi mchana dada yangu mkubwa akaja kunijulia hali. Mjukuu akamkalisha mbele ya kompyuta.

"Ukichoka sema, bibi mkubwa."

"Nichoke nini, nami nimekaa kitini?"

Waliojaribu kabla yake, wengi waliinuka ndoo ya tano. Dada hakupiga hata mwayo. Chai yake ikapoa, ikashika utando.

Ndoo ya tatu, mdogo wetu akapiga teke.

Dada hakurudi bombani. Akaelekea stoo.

"Huko hakuna cha kufanya," mjukuu akamwambia. "Rudi ukachote."

Dada akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Kitufe cha kufunga kiko wapi?"

"Kufunga nini, bibi? Hakuna mtu aliyewahi kukiulizia."

"Ungekiweka," dada akasema taratibu. "Bila hicho, hadithi yenu ina uongo."

Nikasikia moyo wangu unagonga. Ndilo jibu la kitendawili, wajukuu zangu. Ila nyumba niliyowategea haikuwa kifuani mwangu. Ilikuwa kifuani mwa dada.

Na funzo nililolipata ni hili: hadithi nzuri itamkalisha mtu kwenye mchezo mbovu, kweli. Lakini mkono nao una kumbukumbu yake. Ukiunyima kazi, umeficha nusu ya habari.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na magoti yake.

"Dada, nani alitia komeo?"

Macho yake hayakutoka kwenye ule mlango.

"Mimi. Wewe ulikuwa bombani. Alikuwa anatumwagia maji, nikasema nitamfungulia tukimaliza ya kumi na mbili."

Akaubonyeza tena ule mlango.

"Tukamaliza. Ukaniita tukaruke kamba."