Nyanya Haichumwi Mpaka Gari Lije

Siku hiyo redio ya jirani ilikuwa inagombana tangu asubuhi. Watu wa mjini walipiga simu mmoja baada ya mwingine: nyanya zimepanda, nyanya hazishikiki, wakulima wana roho mbaya. Fortunata, ambaye pale kijijini Nanyala wengi humwita Mama Witness, alikuwa ameinama aking'oa magugu kwenye nyanya zake. Akainua kichwa.

"Mkulima yupi huyo mwenye roho mbaya?" akaiuliza redio. "Aje tubadilishane majembe."

Marta, jirani yake wa shamba, akacheka, lakini mikono haikusimama. Alikuwa anachuma mbiombio, maana dalali Hezron alishapiga simu: chumeni, gari linakuja saa hizi. Ndivyo mambo yalivyokwenda miaka yote. Dalali anapiga simu, watu wanachuma, gari halionekani. Nyanya zinakaa juani mpaka zinalegea. Jioni Hezron anashuka, anabonyeza moja kwa kidole gumba, anaguna kama mganga mwenye habari mbaya. Hapo bei anaitaja yeye. Tena anapakia kwenye matenga yake mwenyewe, yaliyoongezwa ubao ili yameze zaidi, na juu ya ubao anataka kilemba, rundo la bure. Mkulima afanyeje? Nyanya iliyochumwa hairudi kwenye shina.

Msimu uliopita Fortunata alimwagia nguruwe nusu ya mavuno. Na shamba lenyewe ni la kukodi. Mwenye shamba alishasema, kodi ya msimu ujao ikikosekana, anampa mtu mwingine. Nyanya zikipotea, na shamba limepotea. Basi safari hii hakuchuma hata moja.

"Utakosa gari, dada," Marta akamwonya.

"Lije kwanza."

Jua likapita utosini. Ndoo za Marta zikaanza kutoa maji. Gari lilifika watu wakiwa wanarudisha ng'ombe. Hezron akashuka, akabonyeza, akaguna, akapakia za Marta kwa bei ya kutupa. Kisha akamfikia Fortunata na kumkuta mikono mitupu.

"Mama Witness, mzigo uko wapi?"

"Uko kwenye mashina, mwanangu, unakusubiri. Tukubaliane bei kwanza, ndipo nichume. Na tenga ni langu, halina kilemba."

Hezron akamgeukia utingo wake. "Umesikia? Kumbe huku kuna waziri wa nyanya!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Haya, kaa nazo mama. Zikiwa uji utakuja kunipigia magoti."

"Magoti yangu nina kazi nayo. Napalilia nayo."

Gari likaondoka na vumbi lake. Fortunata akageuka kuziangalia nyanya zake. Nyanya zilikuwa zimeiva kwa pamoja, na nyanya haingoji kiburi cha mtu.

Kulipopambazuka akachuma, akaomba nafasi kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo cha Mika, aliyekuwa anapeleka mahindi Tunduma. Sokoni hakwenda, sokoni madalali wote wanajuana. Akashuka kituo cha Mpemba, kabla ya mji wa Tunduma, pale foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka inapolala barabarani. Madereva wanakaa hapo mpaka wanaota ndevu, wanapika chini ya matela. Fortunata akajitwika beseni, akatembea kando ya magurudumu yanayomfika kifuani.

"Mayo, mulishani?" dereva mmoja Mzambia akamsalimu kwa lugha ya kwao, kapenta, dagaa wa kwao, zikichemka mbele yake.

"Bwino, nzuri baba," Fortunata akajibu. "Lakini hizo kapenta bila nyanya unajiadhibu. Fungu hili hapa."

Dereva akacheka, akachukua fungu, akampigia kelele mwenzake wa lori la nyuma. Mafungu aliyapanga Fortunata, bei aliitaja Fortunata, na aliyetaka kubonyeza aliambiwa anunue kwanza. Nyingine zilipasuka njiani, hasara hiyo akaimeza. Kesho yake akarudi tena. Mpaka shina la mwisho linabaki majani matupu, kodi ya shamba ilikuwa imepatikana.

Marta aliyaona yote hayo.

Wiki iliyofuata Hezron akapiga simu kama kawaida yake: chumeni, gari linakuja. Jioni gari likaja, honi ikalia, ikalia tena. Marta alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage, na nyanya zake za awamu ya pili zimeiva shambani, nyekundu, hazijaguswa.

"Mzigo uko wapi?" Hezron akauliza.

"Kwenye mashina, baba," Marta akajibu bila kuinua macho. "Umekuja na bei?"