Bi Chaki na Meza za Wageni

Jina lake halisi liko kwenye faili tu. Shule nzima, kuanzia mlinzi hadi Mkuu, inamwita Bi Chaki, kwa sababu hajawahi kutoka darasani bila kupakaa chaki, na akikukumbatia unatoka hapo kama uliyeegemea ukuta uliopakwa chokaa jana. Amefundisha darasa la pili tangu mimi sijajua kunyoa. Meza zetu zinagusana kwenye chumba cha walimu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Zamani watoto wake wote walikuwa wa mtaa mmoja. Ukimkaripia mmoja umewakaripia na binamu zake wanne. Kisha kiwanda cha saruji kikafunguliwa ng'ambo ya reli, familia zikaanza kushuka kwenye malori na magodoro yao, kutoka kila upande, na darasa likajaa lugha ambazo Bi Chaki hajui hata kumkatalia mtoto kwazo ruhusa ya kwenda chooni. Hakuomba semina. Kila Jumatatu aliwahamisha viti, mgeni na mwenyeji dawati moja, kifutio kimoja. Wiki ya kwanza walinuniana. Wiki ya tatu walikuwa wanagombania kile kifutio kwa lugha moja, tena kwa matusi ya hapa hapa, na Bi Chaki aliwakemea huku roho yake imetulia kabisa.

Aliyeomba semina ni Mkuu. Alirudi na begi jipya, kofia yenye nembo, na neno "tamaduni" ambalo alilitamka kwenye kila sentensi, hata alipozungumzia mifereji ya maji. Akatutangazia kwamba shule itakuwa na Siku ya Tamaduni, Afisa Elimu atakuja, na mratibu ni Bi Chaki. Sababu? Mume wake amezaliwa kwingine, kwa hiyo ana uzoefu wa nyumbani. Bi Chaki aliniegemea akaninong'oneza kwamba uzoefu wenyewe ni taulo mbichi kitandani, na kwamba amesikia waume wenyeji nao wanazo.

Lakini hakukataa, na nitasema kwa nini. Alikuwa anakaimu unaibu mkuu muda mrefu mpaka watu wakasahau kwamba anakaimu. Alibeba kazi zote za naibu bila kiti cha naibu. Mkuu alimwambia mbele yetu kwamba Afisa akiondoka na furaha, kukaimu kumekwisha. Nilimwona alivyokaa sawa kwenye kiti. Alikitaka cheo kile, na kilikuwa haki yake.

Sasa ikaja kazi ya kuzitafuta hizo tamaduni. Mkuu hakutaka shida. Alipita darasa kwa darasa akisema wenye tamaduni wasimame. Hakuna aliyesimama. Akaeleza kwamba anamaanisha wale ambao baba zao walitoka kwingine. Kila kundi litapewa meza uwanjani, na mtoto ataonyesha utamaduni wao. Mwalimu wa muziki akauliza wenyeji watakuwa na meza gani. Mkuu akashangaa kweli kweli. Wenyeji, alisema, hawana utamaduni, ni watu wa kawaida. Wao watakaa chini na kupiga makofi.

Darasani kwangu, darasa la tatu, yupo binti kitindamimba wa Bi Chaki. Nyumba ya bibi yake mzaa mama iko nyuma ya ukuta wa shule. Akisahau daftari, bibi anamwita kutoka dirishani. Hakusimama, kwani angesimamia nini? Mkuu alimwendea akamshika mkono, akamwinua.

"Wewe mtoto wa mratibu unaionea aibu asili yako?"

Darasa zima likamgeukia. Rafiki yake wa dawati moja akamtazama kuanzia nywele hadi viatu, kana kwamba kuna kitu alikuwa hajakiona. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha hesabu, na hasira ilinipanda mpaka nikaona namba mbili mbili. Nikageukia ubao nikaendelea na hesabu. Mshahara nao una watoto.

Jioni mtoto alimuuliza baba yake utamaduni wao ni upi. Baba ni fundi magari. Aliingia mji huu akiwa mgongoni mwa mama yake. Akafikiri sana, akajibu kwamba wa kwake ni gereji. Basi mtoto akamgeukia mama.

"Mama, mimi ni mgeni wa nani?"

Bi Chaki alinisimulia asubuhi yake, anafuta meza ambayo haikuwa chafu. Aliniambia alimjibu alale.

Siku ikafika. Meza zilipangwa juu ya jukwaa uwanjani zikavishwa vitambaa, Afisa akavishwa shada na kilemba cha ukoka, na Bi Chaki akashika kipaza sauti. Afisa alipita meza hadi meza akiitikia kwa kichwa. Alipofika kwa kitindamimba akamwomba amwonyeshe jinsi watu wa kwao wanavyosalimiana.

Mtoto alimtazama mama yake. Akatoa alichonacho. Akagonganisha kiwiko na Afisa mara mbili, akajizungusha, kisha akanyoosha mkono akaishika pua ya serikali na kuibana. Afisa alirudia yote kwa heshima kubwa, akainama ili naye abane ya mtoto. Mkuu aliyekuwa pembeni akapiga makofi ya kwanza.

Walimu wote tuliifahamu salamu ile. Na kule chini, kwenye mkeka wa watu wa kawaida, darasa la tatu zima lilikuwa limeshasimama, linagongana viwiko na kubanana pua.

"Wamejifunza haraka," Afisa alisema. "Mratibu, salamu hii asili yake ni wapi?"

Mkuu alimkazia Bi Chaki macho. Ilikuwa rahisi. Angetaja nchi ya mumewe tu, Afisa angeridhika, na kiti kile kingekuwa chake kabla ya chai. Aliinua kipaza sauti, akakishusha, akakiinua tena.

"Ni ya darasa la tatu, mheshimiwa," alisema. "Wanasalimiana hivyo nyuma ya vyoo, wakati wa mapumziko."

Halafu akamgeukia mwanawe.

"Shuka, mama. Nenda kakae na wenzako."

Mtoto aliruka akakimbia, na rafiki yake wa dawati akamsogezea nafasi mkekani. Tulidhani yamekwisha. Ndipo mtoto wa meza ya pili, aliyesimama tangu asubuhi kando ya kinyago alichokodiwa, akanyoosha kidole kama darasani, akauliza kama na wao wanaruhusiwa kushuka.

Mkuu alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Bi Chaki alimwona. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka.

"Shukeni," alisema. "Shukeni wote."