Nukta Mbili za Baba

Mimi ni fundi saa, binti wa fundi saa, na nikisema hivyo sioni haya kunyanyua kidevu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Singida yakafurika saa za plastiki kutoka Dubai, watu walinihurumia. Wakanishauri nikauze mitumba kabla njaa haijaniua. Niliwaacha waseme. Nilikuwa nimerithi meza ya baba kwenye baraza ya duka la vitambaa, karibu na soko, pamoja na lenzi yake ya jichoni, koleo zake nyembamba na jina lake. Jina ndilo lililoleta wateja.

Baba alikuwa na desturi yake. Kila saa aliyoifungua, alikwaruza kwa sindano alama ya jembe dogo ndani ya kifuniko cha nyuma, na chini ya jembe akaweka nukta, moja kwa kila kifaa alichobadilisha. Kama hakubadilisha kitu, jembe lilibaki peke yake. Mafundi wenzake walimcheka, wakisema anajiandikia mashtaka mwenyewe. Hakuacha.

Asubuhi moja akaja mzee mmoja kutoka Manyoni, gadi mstaafu wa treni, koti limepigwa pasi. Nilisimama nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Kwetu, mzee akikunyima marahaba mbele za watu, hilo si jambo la kupitisha hivi hivi. Akatoa saa mfukoni, akaiweka mezani, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini:

"Baba yako aliniibia uso wa saa."

Wateja wa vitambaa wote wakageuka. Mzee akaeleza, na hakupunguza sauti. Mnunuzi wa saa za zamani kutoka Arusha alikuwa amepita Manyoni, akaikagua hiyo saa, akasema uso huo si wa asili, umepakwa rangi upya, na ule wa kweli bila shaka uliuzwa siku nyingi. Na tangu mzee akabidhiwe saa hiyo kazini, fundi aliyewahi kuifungua alikuwa mmoja tu.

Baba alikuwa na miaka mitatu kaburini. Wa kumjibia nilikuwa mimi. Kama maneno ya yule mnunuzi yalikuwa kweli, basi nilikuwa nimekalia kiti cha mwizi, na hadi jioni soko zima lingekuwa limeshajua.

Nilikasirika, na kwa kazi yangu fundi mwenye hasira hashiki koleo. Nikamwomba mzee aketi, nikaagiza chai ya watu wawili. Yeye hakuigusa. Nikanywa vikombe vyote viwili, ndipo nikavaa lenzi.

Kusema kweli, uso ule ulinitisha. Ulikuwa umegeuka rangi ya asali, maandishi ya chini yamefifia, na juu yake kulikuwa na utando unaong'aa. Yule mnunuzi hakuwa mjinga. Nikafungua kifuniko, nikakuta jembe la baba na chini yake nukta mbili. Nikamwonyesha mzee. Akasema hata mwizi anajua kuchora nukta. Nikaendelea kufungua.

Nikang'oa mishale, nikaunyanyua uso. Nyuma yake uso wa saa huwa na vijiguu viwili vya shaba vinavyoingia kwenye matundu ya mashine yake. Ukileta uso wa saa nyingine, mara nyingi vijiguu havilingani na matundu, na fundi mjanja huvikata akabandika kwa gundi. Hivi vilikuwa vizima, na gundi haikuwepo. Kisha nikaugeuza uso upande wa mbele na kuuinamisha juani, nikaona nilichokuwa nakiomba. Kulikuwa na vivuli viwili vya kahawia, kifupi kimelala kwenye nne, kirefu kimelala kwenye mbili.

Nikaufunika kwa kiganja kabla mzee hajaona. Nikamuuliza kama saa hii iliwahi kusimama muda mrefu. Akasema ndiyo, miaka ya uhaba springi ilikatika, vipuri havikupatikana, ikalala sandukuni hadi baba alipoitengeneza. Nikamuuliza ilisimama saa ngapi.

"Saa kumi na dakika kumi," akasema bila kufikiri. "Tulikuwa tunaingia Itigi. Tulichelewa."

Nikaondoa kiganja. Nikamweleza kwamba mishale ya saa yake ilipakwa ile rangi inayong'aa gizani, na rangi hiyo, mshale ukilala mahali pamoja miaka, huunguza uso palepale. Nikailaza mishale juu ya vivuli, ikakaa sawasawa. Uso huu ulikuwa kwenye saa hii kabla mkono wa baba haujaigusa.

Ulibaki ule utando. Nikaunusa. Alizeti! Mafuta ya kupikia, ya hapa hapa kwetu. Nikamuuliza mzee nani anaipaka saa mafuta ya alizeti. Akakohoa. Akasema kwamba reli iliwafundisha kila chuma kipate mafuta, na tangu mashine ya kukamua ifunguliwe jirani na kwake, kila Jumapili alikuwa anabandua kioo kwa kisu na kuupangusa uso kwa pamba, usije ukashika kutu. Nilicheka hadi lenzi ikanidondoka.

Ningeweza kuishia hapo, nimeshashinda. Lakini nukta zilikuwa mbili. Nikamwambia mzee wazi kwamba vitu viwili si vya asili. Springi ilitoka kwenye saa nyingine, na mshale wa sekunde baba aliuchonga mwenyewe kutokana na sindano ya kushonea. Nikampa lenzi aone nusu ya tundu la uzi mkiani mwake. Mnunuzi wa Arusha alikuwa ameukataa uso wa kweli, na mshale wa baba akaupita bila hata kuutilia shaka. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama nilivyojivunia dakika ile.

Niliufuta uso kadiri ulivyokubali, nikaifunga saa, nikamwahidi mzee kumtafutia mshale wa sekunde wa asili ili mnunuzi asipate la kusema. Akakataa. Akasema saa haiuzwi tena, na mshale ubaki huo huo.

Kisha akasimama, akawageukia watu wa dukani, akawaambia kwa sauti ile ile ya asubuhi kwamba fundi hakuiba kitu, saa aliikaanga mwenye saa mwenyewe. Wakacheka, naye akawasubiri wamalize. Ndipo akavua kofia, akanigeukia.

"Marahaba, fundi."