Vitunguu Nilivyomficha Shemeji

Leo nimeungama dhambi ya vitunguu, kabla sijaondoka duniani.

Asubuhi nilisoma kwenye simu kuwa kule Oklahoma, Marekani, enzi za dhiki yao, walishindilia vitunguu ndani ya nyama ya baga ili ionekane nyingi.

Nikacheka mpaka nikakohoa.

Miaka ile ya foleni za chakula, hapa mtaani kwetu Kitaji, nami nilimfanyia hivyo shemeji yangu, mfugaji wa Bunda anayeapa hajawahi kula kitunguu!

Mchana akaja kuniona, maana sina siku nyingi. Nikamwambia.

Akajipiga paja. (Chekeni tu, mimi nilidhani atasusa.)

“Shemeji! Na mimi nilikuwaga namgombeza mke wangu, eti nyama yake haifikii yako!”

Akampigia mkewe simu hapo hapo. “Mama Bhoke, nisamehe. Kumbe nyama ya dada ilijaa vitunguu!”

Mama Bhoke akajibu: “Mwambie dada asife kabla hajanifundisha.”