Kibanda Kilichoezekwa Vibaya

Kila ninaponusa limau kavu hurudi nyuma ya pikapu nyeupe iliyotupokea uwanja wa ndege wa Maskati na kutupeleka Ibra. Ilikuwa siku ya tatu tangu tutoke Mombasa: basi hadi Nairobi, kutwa nzima ya kusubiri kwa jamaa, ndege, kisha saa nyingi kwenye viti vya plastiki mpaka karatasi zetu zikagongwa mihuri. Mama alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma juu ya gunia la limau kavu, mgongo nimeuegemeza kwenye cherehani yake iliyofungwa kwa shuka. Milima ilipita mmoja baada ya mwingine, ya rangi ya biskuti iliyoungua, haina mti hata mmoja, nami nikawa natafuta mahali ambapo mtu angeweza kuishi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amefariki mwaka ule, na kaka yake, Ami Seif, ndiye aliyekuwa akiendesha ile gari. Alituchukua kwenye nyumba yake, ambako alikaa na mkewe, watoto wao wadogo, na Bibi Zuwena, mama yao yeye na baba.

Shuleni walinirudisha madarasa mawili, kwa sababu Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni tu, cha kusomea Kurani: niliweza kukisoma kwa sauti nzuri bila kujua nimesema nini. Nilikaa na watoto walionifika kifuani. Mwalimu akiuliza swali, wao wananyoosha mikono, mimi natazama kucha zangu. Nilichokijua vizuri ni Kiingereza cha shule ya Mombasa, na katika Ibra ile Kiingereza hakikuwa na kazi. Halafu likaja boksi. Mama alikuwa akimshonea mke wa daktari mmoja mgeni, na familia ile ilipohama wakamwachia vitabu vya watoto wao, vyote vya Kiingereza, vikinuka gundi na vumbi la chini ya kitanda. Nilivipanga sakafuni nikavihesabu kwa macho tu, kwa woga wa kuvigusa. Hapo ndipo nilipoamua kwamba vitabu vile havitatoka nyumba ile. Ndivyo pekee vilivyonifanya nijue kitu ambacho wengine hawakijui.

Bibi Zuwena alikulia Unguja mjini na alisoma herufi za Kiarabu tu, hata barua za Kiswahili aliziandika kwa herufi hizo. Alikuwa na kabati la vyombo lenye milango ya wavu. Akahamisha vikombe, akanipa rafu moja, nayo haikutosha hata nusu ya boksi. "Basi tuchague," alisema. "Na tuchague kwa haki." Akaweka masharti, na kila alasiri baada ya sala watoto wa nyumbani na wa jirani walikaa mkekani, mimi nikisoma na kufasiri sentensi kwa sentensi. Sharti la kwanza lilikuwa la hadithi: isomwe mpaka mwisho, na wadogo wabaki mkekani. Vitabu vya picha nzuri mno vilianguka hapo. Kimoja kilikuwa na sungura wanaofundishana adabu kila ukurasa, na kufikia ukurasa wa tatu nilibaki na Bibi na paka. Kingine kilisimulia sikukuu ya Mayahudi ya kuwasha taa siku nane. Nikadhani mishumaa itawashika, lakini hakuna mtu ndani yake aliyekuwa akitaka kitu chochote, walikuwa wakieleza tu. "Wamekaa kama wageni wanaosubiri kahawa," Bibi alisema, na kikarudi boksini kwa kosa hilo, si kwa dini yake.

Sharti la pili lilikuwa la vitabu vya maarifa: vinachosema kipimwe kwenye kitu chenyewe. Kitabu kilichochora maji yanavyosafiri chini ya ardhi tulikibeba hadi kwenye falaji, ule mfereji wa kale unaonywesha mitende yetu, tukamwonyesha mzee aliyegawa zamu za maji. Aliifuata michoro kwa kidole kilicholowa, mpaka leo alama ya kidole kile ipo, akasema aliyechora huyu kainama akatazama. Kikapita. Kitabu cha wanyama wa jangwani kilisema ngamia huweka maji ndani ya nundu. Bibi alimwita jirani yetu, mama mmoja wa Kibedui aliyekuwa akiuza kamba za ngamia kwenye soko la wanawake siku ya Jumatano. Mama yule alicheka mpaka barakoa ikamtoka puani. "Maji? Mafuta matupu! Njoo Idi nikupasulie uone." Nilikitetea kitabu kile, kilikuwa na picha ya chui niliyoipenda. Bibi hakunisikiliza. "Kinamsingizia ngamia, na ngamia tunaye hapa. Habari za huyo chui, ambaye hatunaye, tutazisadiki vipi?"

Siku ya Ijumaa Ami Seif aliingia na kukiona mkekani kitabu kingine, chenye nyota ya pembe sita jaladani. Alikuwa mtu wa ofisi ya serikali, kanzu yake haikuwa na kunjo, na aliogopa kitu kimoja tu: maneno ya watu.

"Mama, kitabu cha Mayahudi kinafanya nini nyumbani mwangu?"

"Kinasubiri zamu yake."

"Washatuita Wazinjibari, watu wa kuja. Wakisikia watoto wetu wanasomeshwa sikukuu za Mayahudi, n'taiweka wapi sura yangu?"

"Iweke hapo hapo ilipo, baba. Kaa kitako usikilize."

Watoto walicheka, na yeye akakaa, lakini alininyooshea kidole. "Nikisikia neno moja baya, khalas. Boksi lote linakwenda kwenye tanuri ya mikate, si kitabu hiki tu."

Nikasoma. Ilikuwa hadithi ya msichana ambaye watu wake, kila mwaka katika Sikukuu ya Vibanda, hujenga kibanda cha matawi na kulia chakula humo siku saba, kukumbuka babu zao walipokuwa wakihamahama jangwani. Kibanda kilijengwa uani, na babu yake aliishi ghorofa ya juu kabisa, miguu imekufa. Msichana alitaka babu ale kibandani japo mara moja. Nilipofika ukurasa wa dua nilisita. Nilitaka kuuruka. Kiingereza nilikijua mimi peke yangu, nani angenikamata?

"Usiruke," Bibi alisema bila kunitazama. "Kitabu kizima."

Nikaifasiri dua yao: wanamshukuru Mungu aliyewaweka hai na kuwafikisha siku ile. Ami alikuna ndevu. "Hilo halina ubaya," alisema polepole, kisha akakinyakua kitabu mkononi mwangu. Alikuwa amemwona pichani msichana na babu yake kwenye baraza ya juu, ndani ya kibanda kidogo alichokijenga msichana huko huko, cha kutosha viti viwili. Lakini hakumtazama msichana.

"Nani kaezeka hivi? Nyufa tupu! Jua linaingia, mvua inaingia, mbuzi ataingia! Mtu huyu hajapata kushika kuti maishani mwake." Kibanda chetu cha kiangazi kule shambani, cha makuti ya mitende, alikijenga mwenyewe na alikionea fahari kuliko gari.

"Ami, imeandikwa hapa," nilisema. "Wanaziacha makusudi. Lazima nyota zionekane."

Akasema haiwezekani, nyufa kama zile hazionyeshi nyota, zinaonyesha ujinga wa fundi. Bibi akamkata: maneno ya maarifa hujaribiwa. Basi alasiri iliyofuata tulikwenda shambani sote, Ami amejifunga kanzu kiunoni, akaondoa makuti ya upande mmoja wa paa lake na kuyapanga upya kama pichani, akinung'unika kuti kwa kuti. Tuliswali magharibi pale pale, kisha tukakaa chini ya nyufa, tukitafuna tende. Nilikuwa nikiomba kwa ajili ya boksi langu. Binamu yangu mdogo ndiye aliyeiona nyota kwanza, akapiga ukelele. Ami aliinua kichwa, akakipeleka huku na huku mpaka naye akaipata.

"Kibanda kibaya," alisema. "Lakini kitabu hakikusema uongo."

Kikawekwa katikati ya rafu.

Tangu niondoke Ibra sijatulia. Nimefanya kazi dukani Sur, nimebeba mizigo ya wageni Misfat, nimeishi Nizwa miaka miwili, sasa niko Mombasa tena na miguu inaniwasha. Juzi niliingia duka la vitabu kuwanunulia watoto wa jamaa, kijana wa dukani akanionyesha kwenye simu orodha ya vitabu bora. Nilimuuliza amesoma kipi mpaka mwisho. Akatabasamu. Nikakaa chini sakafuni, nikamwita mwanawe wa miaka mitano aliyekuwa akizurura pale, nikaanza kimoja baada ya kingine. Ilinichukua mchana kutwa na nilitoka na viwili.

Siku niliyoondoka Ibra moja kwa moja nilikuwa nimemaliza sekondari, na Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Niliacha nafasi kwenye mkoba kwa ajili ya kitabu cha kibanda, kwani niliamini ni changu, nimekipigania. Nilikwenda kabatini, rafu ilikuwa na pengo. Nikasikia sauti ukumbini. Ami Seif alikuwa amekaa mkekani na binti yake wa mwisho, miaka mitatu, akimsimulia kwa kufuata picha, kwa Kiswahili, vibaya sana: kwake yeye babu alikuwa fundi makuti mashuhuri, na nyufa zile alizipanga mwenyewe, kwa vipimo. Mtoto hakusogea. Walikuwa hawajafika nusu.

Nikaufunga mkoba na pengo lake, nikatoka.