Mkwe Aliyekimbia Salamu

Jumapili baada ya chakula cha mchana, kila aliyekuwa na viatu mtaani kwetu Katuba alivaa viatu akaenda serkle. Ndivyo tulivyoliita jumba la parokia: kuta za matofali, paa la mabati, mabenchi yaliyobebwa kutoka shuleni, na jukwaa la mbao lililolala kidogo upande mmoja. Kabla Katanga haijajitangaza nchi, padri alikuwa akituonyesha sinema mle. Kisha njia zikafungwa, mikanda ikaacha kufika, na mashine ikabaki pembeni imefunikwa shuka. Watu waliendelea kuja hata hivyo. Walikaa, wakaitazama ile shuka, wakarudi makwao. Mpaka Jumapili moja fundi rangi wa avenyu yetu akapanda jukwaani, akasimama mbele ya kitambaa cheupe cha sinema, akaanza kuzungumza. Alizungumza hadi jumba likafungwa. Tangu siku hiyo sikumsikia mtu akiuliza habari za mikanda.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na masikio yake daima yalikuwa na vitone vya chokaa ambavyo sabuni ilishindwa kuvitoa. Hakuwa na ngoma wala mavazi ya kuchekesha. Alivaa koti lake la misa na akatumia mikono. Aliweza kuwa cherehani, kisha mama anayeonja bukari, ugali wetu, na kugundua kwamba haujaiva, kisha jirani aliyenunua radio na tangu hapo akajifanya waziri. Alisema kwamba kwa kuwa nchi sasa ilikuwa na mawaziri wengi, kila avenyu nayo ilipata wake. Wa kwetu aliitisha mkutano juu ya jogoo aliyewika kabla ya saa. Watoto walikaa chini mbele, akina mama upande wa kushoto, akina baba upande wa kulia, kama kanisani. Hakuna aliyemziba mtoto wake masikio.

Sababu ya usafi wa maneno yake niliijua mapema, kwa kuwa nilipenda kujua mambo. Mama mkwe wake alipenda vichekesho kuliko mtu yeyote wa Katuba, lakini hakuweza kuingia ndani, maana mtu na mama wa mke wake hawakai mahali pamoja wakatazamana. Basi bibi yule aliletewa kibao, akakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, akasikiliza. Fundi rangi hakumwona, lakini kikohozi chake alikifahamu. Kila neno lililotoka jukwaani lilipaswa kupita dirishani na kufika kwenye sikio la mama mkwe bila kumtia aibu. Vijana wa nyuma walipomtaka aseme yale ya baa, aliinua kidole kuelekea dirisha, na jumba zima likacheka kabla hajatamka lolote.

Kabila lake hatukulijua. Mwaka ule swali hilo lilikuwa limeanza kuulizwa kwenye bomba la maji, sokoni, hata na watoto darasani. Sisi tulikuwa watu wa Kasai. Baba alikuwa karani wa reli, alikuja mjini akiwa kijana, na sisi sote tulizaliwa hapa. Lakini sasa tulisikia tukiitwa wageni na watu ambao jana walituomba chumvi. Fundi rangi alipoulizwa kabila, alitaja avenyu yake na namba ya nyumba.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwa nini jambo la dada yangu lilikuwa zito.

Dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita Yaya, alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwembamba mwenye kofia ya majani na baiskeli iliyong'aa. Alikuwa mtu wa Luapula, mwenyeji wa Katanga. Baba alikwisha kukubali, akisema mwalimu ni mwalimu. Lakini kwetu neno la ndiyo la baba bila la mama ni mlango uliofunguliwa nusu, na mama alikuwa ameahidi kusema neno lake Jumapili jioni, kwa sababu wajomba wa kijana wangekuja Jumatatu kulisikia.

Juma hilohilo mama alikutana na yule mwalimu njiani. Alikuwa akirudi sokoni na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani, na kijana akija mbele yake kwa baiskeli. Alimwona mama. Mama alihakikisha kwamba alimwona. Kijana akashuka, akaisukuma baiskeli hadi ndani ya lupango, ua wa nyumba ya watu asiowajua, akabaki huko mpaka mama akapita. Siku mbili baadaye akamwona tena, na safari hii akageuza baiskeli akarudi alikotoka.

Mama hakupiga kelele. Aliweka beseni chini, akaanza kuchambua majani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ule muntu hataki kunisalimia. Anaona mi niko mugeni mu inchi yake. Mutoto wangu ataenda kuishi na bantu bale?"

Yaya alijaribu kumtetea. Mama akamwambia asitoke kwenda kuonana naye mpaka Jumapili ipite. Majirani walipomuuliza habari kwenye bomba la maji, mama aliwasimulia, na kila aliposimulia, kijana alikimbia kwa kasi zaidi. Ilipofika Ijumaa Yaya alikuwa ameacha kula chakula cha jioni. Alijua jibu litakalotolewa, na wote nyumbani tulilijua.

Jumapili tulikwenda serkle kama kawaida, kwa sababu mama hakuruhusu huzuni ibadilishe ratiba. Alikaa mahali pake pa siku zote, mwisho wa benchi karibu na mlango, apate hewa. Mlango uliotumika ulikuwa mmoja tu. Ule wa pili ulikuwa umezibwa kwa mifuko ya mchanga. Mimi na Yaya tulikaa kando yake. Nilipotazama upande wa wanaume nilimwona mwalimu mbele kabisa, karibu na jukwaa, kofia magotini. Alikuwa amefika mapema, na sasa mabenchi yote yalikuwa yamejaa nyuma yake. Yaya naye alimwona. Mama alitazama jukwaa.

Fundi rangi alianza na waziri wa avenyu, kwa kuwa watu walimdai. Halafu akajipangusa uso, akasema kwamba Wabeleji walitutendea mabaya mengi, lakini moja hakuna anayelisema: walinyoosha barabara. Kijijini, alisema, njia ina kona, ina kichuguu, ina majani marefu. Ukimwona mama mkwe kwa mbali, unaingia porini kwa heshima zote na yeye anapita kwa heshima zote. Katuba, je? Avenyu imenyooka kama rula ya mwalimu wa hesabu. Mama mkwe anaonekana tangu akiwa mdogo kama sisimizi, na hakuna pa kujificha ila malango ya watu.

Kisha akawa kijana mwenye baiskeli. Bibi yake, alisema, alikuwa amemwonya: tangu siku unapofungua kinywa kuomba msichana, mama yake ni jua, usimtazame. Bado hujapeleka hata kuku, lakini amekwisha kuwa jua. Akaonyesha kijana akikanyaga pedali akiimba, akaona sisimizi kwa mbali, wimbo ukamfia kinywani. Akashuka. Akaingia lupango la kwanza, akawasalimia wenyeji kana kwamba ni ndugu zao. Wakamkaribisha. Wakamletea bukari. Akala. Wakamuuliza habari za mjomba aliyefariki, akalia nao.

Jumba lilikuwa likiyumba kwa kicheko. Mzee mmoja alivua miwani akaifuta. Nilimtazama mama, mikono yake ilikuwa imefungwa kifuani na taya lilikuwa limekaza. Alikuwa ameshafahamu kichekesho hiki kimetoka njia gani. Yaya aliangalia sakafu.

Lakini fundi rangi hakuwa amemaliza, maana sasa akawa yule mama. Hakumfanya mjinga wala mkali. Alimfanya mama mrefu, mwenye mwendo mzuri, anayebeba beseni bila kulishika, na alitembea hivyo jukwaani hata wanawake wakapiga vigelegele. Mama huyo, alisema, alitoka mbali. Kwao nao mkwe anajificha, sana hata, lakini baada ya mali ya mahari kuletwa. Kabla ya hapo kijana asiyesalimu ni kijana anayedharau. Basi anaposubiri salamu, kijana anaingia lango la watu. Mama anaona: nimedharauliwa. Anafuata. Kijana anasikia hatua, anaona: jua linanifuata. Anaruka ua. Kadiri mmoja anavyozidi kuheshimu, ndivyo mwingine anavyozidi kukasirika, lupango hadi lupango, mpaka kijana anaingia ndani ya kibanda cha kuku na kufunga mlango.

Fundi rangi akachutama, mgongo kwetu, akiwa kijana gizani na kuku wakimdonoa. Akageuka, akasimama wima, akawa mama mlangoni.

"Toka unisalimie."

Akachutama tena. Sauti ya kijana ilitoka ndogo, imejaa manyoya.

"Mama, mi nikikusalimia, ni kukutukana."

Kicheko kilianza mbele kwa watoto, kikapita kwa akina baba, kikafika kwetu. Nje, chini ya dirisha, tulimsikia bibi akikohoa na kucheka kwa pamoja. Nilikuwa nikimtazama mama peke yake. Hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayerudia hesabu aliyoikosea, akipita tena, nadhani, kila hatua ya ile avenyu na lile beseni kichwani. Watu walimaliza, wakapumua, wakaanza kukohoa na kujipanga kwenye mabenchi. Hapo ndipo mama alipocheka, peke yake, kwa sauti, hata wanawake wa mbele wakageuka. Alishika benchi kwa mkono mmoja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza fundi rangi aliipata wapi hadithi ile. Akasema alikuwa juu ya ngazi siku ile ya kwanza walipokutana njiani, akipaka rangi nyumba ya avenyu ileile, na kutoka juu aliona vyote viwili: mgongo wa kijana aliyejibanza nyuma ya ukuta ameinamisha kichwa, na uso wa mama aliyesimama njiani na beseni. Mengine aliyasikia bombani. Alisema mtu aliye chini huona upande mmoja tu.

Jumba lilipoanza kutoka, watu walipita mbele yetu wakisukumana na kurudia maneno ya kibanda cha kuku. Mwalimu alibaki ameketi mbele, uso kwa jukwaa, kofia magotini. Kutoka ilikuwa lazima apite mlangoni, na mlangoni alikuwa mama. Wengi walikuwa wameelewa sasa. Akina mama wawili waliokwisha kutoka walirudi wakasimama kizingitini, wakijifanya wanatafuta watoto. Jumba likabaki na mabenchi, mwalimu kule, sisi huku.

Mama angeweza kutoka tu. Hilo lisingekuwa ndiyo wala hapana. Alisimama, akakunjua kitambaa chake cha kichwa, akakivuta mpaka kikafunika paji la uso, akageukia ukuta. Alikaribia hata pua yake ikakaribia kugusa matofali. Yaya alinishika mkono wa juu, nikahisi kucha zake.

"Ambia ule muntu apite," mama aliniambia, bila kugeuka.

Sikuhitaji kumwambia. Mwalimu alikuwa amesimama. Alikuja taratibu kati ya mabenchi, ameinama, kofia ya majani ameishika mbele ya uso kama sahani, na alipotufikia alipita kiubavu, mgongo wake kwa mgongo wa mama. Tulisikia viatu vyake kwenye changarawe, halafu kengele ya baiskeli.

Mama alibaki anautazama ukuta muda kidogo zaidi ya uliohitajika. Kisha akafunga kitambaa upya, vizuri, akamtazama Yaya.

"Kesho tuko na bageni," alisema. "Na lupango halijafagiwa."