Jicho la Samaki wa Muuza Miwani

Mtu wa macho hapaswi kufuga samaki mwenye jicho bovu. Hili halijaandikwa popote, lakini Kasese yote inalijua, na aliyelijua kwa uchungu kuliko wote ni Gidioni.

Gidioni aliuza miwani kwenye kiduka cha barabara inayokwenda stendi ya teksi. Hakusomea macho. Zamani aliuza viatu vya mtumba soko la Bwera, mpaka alipogundua kwamba mtu akipewa kiatu kibaya hukurudishia siku hiyo hiyo, ila akipewa miwani mibaya hulaumu uzee. Kipimo chake kilikuwa sinia la maharage yenye changarawe. Unavaa miwani, unachambua. Ukitoa changarawe ukaacha maharage, hiyo ndiyo yako, lipa uende. Ukitoa maharage ukaacha changarawe, unavalishwa yenye kioo kinene zaidi. Wazee walikipenda kipimo hiki kuliko zile herufi za ukutani, maana mbele ya herufi asiyeona na asiyesoma hufanana. Na jioni Medius, mkewe Gidioni, alipika maharage yaliyokwisha kuchambuliwa na nusu ya mji.

Samaki aliletwa na tamaa. Gidioni alikwenda Fort Portal, akaona chumba cha daktari wa meno chenye tangi la kioo na samaki wa dhahabu ndani, na wagonjwa wamekaa kimya wakimtazama kama wako kanisani. Akarudi na tangi lake dogo na samaki mmoja mnene, rangi ya chungwa bivu, aliyekuwa akipita huku na huku kifua mbele, akikagua kila anayeingia. Wateja wakamwita Afande.

Mchungaji Bright akaalikwa kubariki duka. Mchungaji Bright hakuwa mtu wa kubariki nusu. Aliombea mlango, akaombea kiti, akaombea sinia la maharage, kisha akakunja mkono wa suti yake inayometameta, akautumbukiza kwenye tangi na kunguruma: "Kila jicho litakalotazama maji haya, lifunguke!" Watu wakasema amina. Afande akakimbilia pembeni.

Tangu siku hiyo maji hayakubadilishwa. Utamwagaje maji yaliyobarikiwa? Utayamwaga wapi, mtaroni? Yakipungua, Gidioni aliongeza kidogo juu yake, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wakizidi. Na kwa kuwa huku kwetu mtu mwenye adabu hatafuni peke yake mbele ya mwenzake, kila mteja alimgawia Afande: kipande cha chapati, karanga, tonge la bundu, ule ugali wetu wa muhogo. Afande hakukataa. Ni afande gani anakataa?

Basi jicho la kushoto likaanza kuvimba. Mwanzoni lilionekana la mshangao tu. Baadaye likatoka nje kama kifungo cha koti kinachoning'inia kwenye uzi, na ukungu juu yake. La kulia nalo, kwa kuona mwenzake anapata sifa, likafuata.

Mwalimu mmoja wa Rukoki aliingia kutafuta miwani ya kusomea. Akajaribu moja, akatazama tangi, akaivua.

"Gidioni, huyu analala kwako, anakula kwako, na macho iko hivi. Sisi wa kupita tu, itakuwa namna gani?"

Akaenda zake. Madereva wa boda boda pale nje, ambao hawakuwa na abiria lakini walikuwa na midomo, wakaidaka kauli hiyo. "Ingia kwa Gidioni, mzee! Utatoka unaona kama Afande!" Wateja wakavuka barabara ili wasipite hata mlangoni. Sinia likakaa bila kuguswa, na nyumbani maharage yakaanza kuliwa na changarawe zake.

"Funika tangi na shuka," Medius akasema, akitema jiwe.

"Nikifunika watasema amekufa."

"Basi mkaange."

"Nikaange samaki ya Pasta?"

Gidioni alijaribu kwanza kilichokuwa karibu. Alimfunga Afande kwenye taulo, akampaka dawa ya macho ya tyubu, ile ya watoto wachanga. Alipomrudisha majini dawa ikajitenga na jicho, ikaelea juu kama mafuta ya supu. Jirani akaleta bonge la chumvi ya Katwe, ya kulambisha ng'ombe. Medius akamfukuza nalo. Daktari mmoja wa mifugo akapigiwa simu, akauliza mgonjwa ana uzito gani, akajibiwa, akasema huyo hata kwa kitoweo cha watu wawili hatoshi, akakata simu.

Ndipo Gidioni akashuka Bwera, mpakani, kwa Kaswera. Kaswera alikuwa mama wa Butembo, ng'ambo ya pili, aliyeuza mapazia, maua ya plastiki na samaki wa mapambo ndani ya mifuko ya nailoni, na sauti yake ilivuka mpaka kila siku bila kulipa ushuru.

"Macho yote mbili?" akauliza.

"Yote mbili."

"Ingekuwa moja, ningesema alijigonga. Mbili, ni maji. Ulibadilisha maji siku gani?"

Gidioni akayatazama maua ya plastiki. "Haijabadilishwa. Iliombewa."

"Ilifanya nini?"

"Pasta aliiombea."

Kaswera akaweka mifuko chini. "Papa, wewe ulibatizwa?"

"Nilibatizwa."

"Na tangu siku ile haujaoga?"

Wanawake wa meza za jirani wakaacha kuuza kabisa. Kaswera akazidisha sauti ili wasipate shida.

"Samaki iko anakula mule, iko analala mule, choo yake iko mule. Chapati yenu inaoza mule. Hata baraka inachokaka, papa! Umutoe. Umuweke mu beseni ya maji safi, maji ilale kwanza usiku moja. Utie chumvi ya Epsom, ile chungu, watu beko wanakunywa tumbo ikifunga. Kidogo, haupike mboga! Usimupe chakula kwanza, ana deni ya kunya. Na kila siku utoe maji kidogo, uweke ingine."

"Na Pasta?"

"Yeye naye apunguze chapati."

Gidioni alitii, lakini kwa siri. Afande akahamishiwa kwenye beseni la kufulia, nyuma ya pazia lililotenga duka na chumba chao. Tangi likabaki dukani, upande wa mbele, na maji yake ya kijani, matakatifu, bila mwenyewe.

"Na mimi nifulie wapi?" Medius akauliza.

"Vumilia kidogo."

"Ama nifulie kwa tangi, nguo zitoke zimeokoka?"

Taratibu jicho la kushoto likaanza kurudi ndani, kama mgeni anayeaga, anakaa tena, anaaga tena. La kulia likafuata, ingawa ukungu mwembamba ulibaki. Gidioni alikuwa bado anapanga namna ya kuyamwaga yale maji ya mbele bila kuonekana, Mchungaji Bright alipopita kusalimu. Akachungulia nyuma ya pazia. Akaona macho. Hakuuliza swali hata moja. Watu wenye vipawa hawaulizi. Jumapili akatangaza kanisani kwamba samaki kipofu amefunguliwa, na maji ni yale yale aliyoyaombea.

Jumatatu duka lilijaa mpaka barabarani. Watu walikuja na chupa za soda, vikombe, hata kibuyu. Wakisubiri maji, walinunua miwani. Madereva wa boda boda, wale wale, sasa walileta abiria na kuwasindikiza mpaka ndani. Mchungaji Bright akasimama karibu na Gidioni, akamnong'oneza: "Ndugu, Mungu amekufungulia biashara. Usiifunge kwa mdomo."

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Mama Eseza, mzee wa Kitswamba. Gidioni alimjua. Alikwisha kumpima, akaona ndani ya jicho weupe wa mtoto wa jicho, akamwambia hii si ya miwani, hii ni ya kupasuliwa hospitali. Eseza alijibu kwamba atafikiria. Sasa alikuwa amefikiria, na alikuwa amekuja na chupa.

"Nipe, mwanangu. Ile ya hospitali iko na kisu. Hii haina kisu. Anza kunitia hapa hapa."

Gidioni akachota kikombe. Kilinuka chapati ya zamani. Eseza alikuwa amekwisha kuinua uso, ameshika kope kwa vidole viwili, anangoja. Mchungaji Bright alikuwa anatabasamu. Mstari wote ulikuwa umeshika pesa mkononi.

Gidioni akakirudisha kikombe majini. Akalikumbatia tangi lote, akatoka nalo nje, watu wakimpisha kwa heshima wakidhani anakwenda kugawa vizuri. Akalimwaga mtaroni.

"Hii ndiyo ilimharibu macho!" akapaza sauti, shati limemlowa. "Samaki alipona kwa maji safi na chumvi ya tumbo! Kaulizeni Kaswera wa Bwera! Hii ukiitia kwa jicho, unakuwa kipofu kabisa!"

Kukawa soko. Mmoja alilia kwamba uponyaji wa wilaya nzima umekwenda kwa panya wa mtaroni. Mwingine alitupa mezani miwani aliyoinunua punde, akadai chake. Mchungaji Bright akatangaza kwamba shetani siku hizi anavaa miwani, akaondoka, na mstari ukaondoka nyuma yake bila hata kuvunjika.

Akabaki Mama Eseza, kope bado mkononi.

"Umemaliza kuhubiri?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nitie yale ya beseni."

Medius, nyuma ya pazia, alicheka mpaka akakaa chini. Gidioni hakucheka. Alifunga duka mchana kweupe, akaita boda boda, akampakia Eseza katikati ili asiruke, na yeye nyuma.

"Hospitali," akamwambia dereva. "Akikuambia simama, usisimame."

Eseza alianza kutukana kabla pikipiki haijawaka: kwanza Gidioni, kisha ukoo wake, kisha Kaswera wa Bwera ambaye hajawahi kumwona. Walipokaa kwenye benchi la wagonjwa wa macho alikuwa bado hajafika mwisho. Muuguzi akainua kichwa.

"Huyu ni mama yako?"

"Ni mteja wangu," Gidioni akasema. "Amebaki huyu."